Kutoka Lamu hadi Maskati, London na New York: Namna ya Kukadiria Umbali na Muda wa Safari ya Ndege

Hapa Lamu ni nadra kuikuta nyumba isiyokuwa na mtu wake Maskati, Jidda, London au Marekani, na kila anapokaribia kusafiri mmoja wetu huulizwa maswali mawili kwa pumzi moja: ni mbali kiasi gani, na atafika saa ngapi? Maswali hayo hufuatana mdomoni, lakini hayajibiwi kwa njia moja. Umbali kati ya miji miwili ni namba moja tu, haibadiliki kwa msimu wala kwa tiketi. Muda hutegemea ndege, upepo, njia iliyo wazi, saa ya mji wa kuondokea na ya mji wa kufikia, na muda wa kungoja katikati. Anayeyachanganya haya huishia kumpokea mgeni asiyekuwepo, au kumsindikiza msafiri ambaye ndege yake imekwisha kuondoka. Nimekwisha kufanya kosa la namna hii, nitalieleza mbele, na ndilo lililonifanya nijifunze hesabu ninayoiandika hapa.

Umbali

Anza kwa kuisahau barabara. Kutoka Lamu hadi Malindi, msafiri wa nchi kavu huvuka kwa boti hadi Mokowe, kisha hupita Witu na Garsen, na hadi ashuke Malindi amekwenda zaidi ya kilomita 200. Ndege inayokata moja kwa moja juu ya pwani huenda kilomita 140 hivi. Umbali wa ndege ni ule wa mstari mfupi kabisa juu ya uso wa dunia, na kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo si ule unaouchora kwa rula kwenye ramani ya ukutani.

Ramani nyingi za ukutani hufuata mchoro aliouchapisha mchora ramani Mercator mwaka 1569, ambao ulimfaa nahodha kwa kushika dira lakini huzivuta nchi za karibu na ncha za dunia zikaonekana kubwa kuliko zilivyo. Greenland huonekana humo kana kwamba inalingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi. Ukipima umbali kwa rula juu ya ramani kama hiyo utapotea, na kadiri miji ilivyo mbali na ikweta ndivyo utakavyopotea zaidi.

Njia ya kuaminika, na inayomwelea hata mtoto, ni tufe la dunia na uzi. Kamata ncha moja ya uzi juu ya Nairobi, ncha nyingine juu ya New York, kisha uvute hadi uzi ukaze wenyewe. Utaona kwamba haupiti magharibi kuelekea Kongo kama unavyodhani, bali hupanda kaskazini-magharibi juu ya Sudan Kusini na Chad, ukakata kusini mwa Algeria, ukapita Morocco, ndipo ukaingia bahari ya Atlantiki. Katikati ya bahari hiyo hufika karibu na digrii 42 kaskazini, ambako ni juu zaidi ya New York yenyewe, kabla ya kushuka kuelekea mjini. Mstari huo huitwa duara kuu, na ndio ambao marubani huufuata kadiri hali inavyoruhusu.

Usipokuwa na tufe, tumia kikokotoo cha simu chenye vitufe vya sin na cos, uhakikishe kwanza kwamba kiko kwenye digrii. Unahitaji latitudo (digrii kutoka ikweta) na longitudo (digrii kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza) za miji miwili, ambazo ramani ya simu hukuonyesha ukibonyeza mahali kwa muda. Mahali palipo kusini mwa ikweta huandikiwa alama ya kutoa mbele ya latitudo, na magharibi ya Greenwich huandikiwa alama hiyo mbele ya longitudo. Uwanja wetu wa Manda uko kwenye −2.25 na 40.9, na uwanja wa Maskati uko kwenye 23.6 na 58.3.

Chukua sini ya latitudo ya kwanza uizidishe kwa sini ya latitudo ya pili. Kwa miji hii utapata −0.0157, uiandike pembeni. Kisha chukua kosini ya latitudo ya kwanza, izidishe kwa kosini ya latitudo ya pili, na jibu ulizidishe kwa kosini ya tofauti ya longitudo, ambayo hapa ni digrii 17.4, utapata 0.8738. Jumlisha majibu hayo mawili, upate 0.858. Sasa bonyeza kitufe cha kosini ya kinyume (cos⁻¹) ili ujue ni pembe gani yenye kosini hiyo, nayo ni digrii 30.9. Digrii moja juu ya uso wa dunia ni kilomita 111.2, kwa hiyo kutoka Lamu hadi Maskati ni kilomita 3,436.

Kwa mabaharia kuna njia fupi zaidi ya kuimalizia hesabu hiyo, maana digrii moja ni maili 60 za bahari, na maili moja ya bahari ni mita 1,852. Digrii 30.9 ni maili 1,854. Jahazi lililokuwa likienda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, mchana na usiku lingekata maili 120 kwa siku, hivyo lingehitaji siku 15 na zaidi hata kama lingeweza kunyoosha bila kufuata pwani wala kutia nanga bandari yoyote. Napenda kuifanya hesabu hii mbele ya vijana, kwa sababu huwaonyesha kwamba namba hizi hazikuletwa na simu. Wazee wetu waliifanya safari ile ile kabla ya simu.

Kwa hesabu hiyo hiyo, Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,560, Nairobi hadi London ni kilomita 6,840, na Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840 hivi. Kumbuka pia kwamba hakuna anayeruka kutoka Manda moja kwa moja hadi Maskati. Anayekwenda kupitia Nairobi na Dubai huruka kilomita 455, kisha 3,560, kisha 350 hivi, jumla yake karibu kilomita 4,365. Hizo 900 na ushei za ziada ni sehemu ya safari yake kama zile nyingine.

Muda wa kuwa hewani

Kanuni ninayoitumia ni hii: gawa umbali kwa kilomita 850 kwa saa, kisha uongeze dakika 40. Ndege kubwa za jeti zikiwa juu huenda kati ya kilomita 850 na 900 kwa saa, lakini haziendi hivyo tangu mwanzo. Hutambaa kiwanjani, hupanda polepole, na kabla ya kutua hupunguza mwendo na pengine huzunguka zikingoja zamu. Dakika 40 ni za kazi hiyo. Kwa Nairobi hadi Dubai hutoa saa 4 na dakika 50 hivi. Kwa Nairobi hadi London hutoa saa 8 na dakika 40 na ushei.

Kanuni hiyo haifai kwa ndege ndogo za pwani. Ndege ya rafadha (propela) yenye injini moja, ya abiria kumi na wachache, huenda kilomita 340 hivi kwa saa, kwa hiyo Manda hadi Nairobi huwa saa moja na nusu au zaidi. Ya injini mbili, inayobeba abiria wengi zaidi, huenda haraka kiasi cha kufika kwa saa moja na robo.

Kwa New York, kanuni hutoa saa 14 na dakika 35. Safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na mji huo ilianza tarehe 28 Oktoba 2018, na ratiba yake ilitangazwa kuwa saa 15 za kwenda na saa 14 za kurudi. Ndege ni ile ile na umbali ni ule ule, lakini kuna saa nzima ya tofauti, na jibu la kanuni limekaa katikati.

Sababu ni upepo, na watu wa Lamu wasiielewe hii wao, ataielewa nani? Jahazi liliondoka kwetu na kusi kuelekea Arabuni na kurudi na kaskazi, na hakuna nahodha aliyekwenda kinyume cha msimu kwa hiari yake. Huko juu, kwenye kilomita 9 hadi 12 kutoka usawa wa bahari, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa. Ndege inayovuka Atlantiki kwenda Marekani huupokea upepo huo usoni, na inaporudi upepo huisukuma mgongoni. Mkondo huo hupata nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini ya dunia, kwa hiyo anayerejea kutoka Marekani mwezi wa Januari asishangae akifika kabla ya muda ulioandikwa. Safari ya kusini kwenda kaskazini, kama ya Nairobi hadi London, huathirika kidogo, kwa kuwa upepo huo huikata kwa ubavuni.

Jambo la pili linalorefusha muda ni njia kufungwa. Mstari mfupi wa Nairobi hadi London hupita juu ya Sudan, na tangu vita vilipozuka huko mwezi Aprili 2023, ndege za abiria zililazimika kuizunguka anga hiyo. Kwa hiyo ukiona ratiba inazidi hesabu yako kwa nusu saa au zaidi, usiidharau hesabu. Tazama ramani, utaona ni nchi gani inayozungukwa.

Saa ya tiketi na saa yetu

Hapa ndipo penye makosa mengi, na nawaomba wasomaji wangu wapasome polepole. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji unaotajwa mbele yake. Saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea. Saa ya kufika ni ya mji wa kufikia. Ukitoa moja kwa nyingine bila kuzilinganisha, utapata jibu lisilo na maana.

Tuseme tiketi inasema kuondoka Nairobi 23:30 siku ya Alhamisi na kufika London 05:20 siku ya Ijumaa, mwezi wa Januari. Anayetoa tu atapata saa 5 na dakika 50, na atasema London ni karibu. Tuseme tena ya kurudi inasema kuondoka London 10:25 na kufika Nairobi 22:05. Akitoa atapata saa 11 na dakika 40, kana kwamba mji umesogezwa mbali katika muda wa wiki mbili. Njia ya sawa ni kuzigeuza saa zote ziwe za mji mmoja kabla ya kutoa. Wakati wa baridi Kenya iko mbele ya London kwa saa 3, hivyo 05:20 ya London ni 08:20 ya Nairobi, na safari ya kwenda ni saa 8 na dakika 50. Ya kurudi, 10:25 ya London ni 13:25 ya Nairobi, na safari ni saa 8 na dakika 40.

Tofauti ya saa yenyewe hubadilika kwa baadhi ya nchi. Kenya haisogezi saa zake mwaka mzima. Uingereza husogeza mbele saa moja Jumapili ya mwisho ya Machi na huirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo tofauti yetu nayo ni saa 2 katika miezi hiyo na saa 3 katika miezi mingine. New York husogeza Jumapili ya pili ya Machi na hurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Tofauti yetu nayo ni saa 7, kisha saa 8. Maskati na Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja daima. Jidda ni sawa na sisi, na ndiyo maana mahujaji hawasumbuki na jambo hili.

Kisha kuna saa ya Kiswahili. Tiketi huhesabu kuanzia usiku wa manane, sisi huhesabu kuanzia jua linapozama na kuanzia linapochomoza. Kwa saa za tiketi kuanzia 00 hadi 06, ongeza sita: 00:45 ni saa sita na dakika arubaini na tano, yaani saa saba kasorobo usiku. Kuanzia 07 hadi 18, toa sita: 13:00 ni saa saba mchana. Kuanzia 19 hadi 23, toa kumi na nane: 21:00 ni saa tatu usiku. Ukimpigia simu mtu wa ng'ambo ambaye ametoka kwetu zamani, mwulize anataja saa ya Kiswahili au ya kizungu, maana “nafika saa mbili” ya kinywani mwake inaweza kuwa asubuhi, usiku, au hata adhuhuri.

Tarehe ndiyo iliyoniponza mimi. Mjomba wangu alikuwa akienda Maskati kumwona bintiye aliyeolewa huko, na tiketi yake kutoka Nairobi ilisema Jumamosi, 00:45. Nikamkatia ndege ya kutoka Manda Jumamosi mchana, nikiamini kwamba usiku wake ataruka. Mjomba aliniambia, “Mwanangu, huo si usiku wa Jumamosi?” Nikamjibu kwamba ndiyo, ndiyo maana tunaondoka Jumamosi. Yeye alihesabu kama wazee wa pwani wanavyohesabu, kwamba siku huanza magharibi inapoingia, na usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia mchana wake. Mimi nilihesabu kwa mazoea ya shule. Jumamosi saa tatu asubuhi tulikuwa gatini, kikapu cha maembe kimekwisha kutiwa botini na mjomba amekaa juu ya ngazi akiwa ameshika viatu vyake mkononi, simu ikalia. Ni binti yake, yuko uwanja wa Maskati. “Baba mbona hakushuka?” Mjomba akanitazama, hakusema neno. Akateremka botini, akakichukua kikapu, akakibeba mwenyewe hadi nyumbani Langoni, nami nikimfuata nyuma. Tiketi ile ilipotea yote.

Tangu siku hiyo, kila tiketi yenye saa inayoanza na 00, 01, 02 au 03, huandika kwa mkono wangu pembeni yake: “uwe uwanjani siku iliyotangulia, baada ya isha”. Vilevile hutazama alama ya kujumlisha moja mbele ya saa ya kufika, ambayo maana yake ni siku inayofuata.

Kwa wanaosafiri wakiwa wamefunga, kuna neno la nyongeza. Dunia hujizungusha digrii 15 kila saa, na kwenye ikweta hiyo ni kilomita 1,670 kwa saa, karibu mara mbili ya mwendo wa ndege. Anayeruka mchana kuelekea magharibi hulifuata jua bila kulipata, na mchana wake hurefuka kwa saa nyingi; anayeruka kuelekea mashariki hukutwa na magharibi mapema. Usifuturu kwa saa ya Lamu iliyo mkononi mwako. Ifikirie saumu hiyo kabla ya kuchagua ndege, na mwulize shekhe wako habari ya ruhusa ya msafiri.

Kutoka gatini hadi mlangoni

Muda wa ndege ni sehemu ndogo ya muda wa safari, hasa kwetu tunaoanza kisiwani. Ratiba za Manda ni za mchana, na ndege nyingi za kwenda nchi za mbali huondoka Nairobi usiku. Hesabu muda wa kuvuka mkondo kwa boti, na uangalie maji: yakiwa yamekupwa, kupanda na kushuka na masanduku mazito huchukua muda zaidi. Angalia pia ndege yako ya kutoka Manda inatua uwanja gani, kwa sababu nyingine hutua Wilson na nyingine hutua Jomo Kenyatta, na kati ya viwanja hivyo kuna foleni ya magari ambayo jioni inaweza kula saa mbili. Mimi simruhusu mtu wangu awe na nafasi ya chini ya saa sita kati ya kutua Nairobi na kuondoka nchini, na kama anahamia uwanja mwingine, namwongezea.

Mjomba alipopata tiketi nyingine, safari hii ya Ijumaa 00:45, nilikaa naye barazani tukaiandika pamoja kwenye kipande cha karatasi, kwa saa ya Kiswahili, naye akikisoma kila mstari kwa sauti kabla sijaandika unaofuata:

Alhamisi, saa nne asubuhi, gati ya Lamu.
Alhamisi, saa sita mchana, ndege ya Manda. Saa saba na robo Nairobi.
Usiku wa Ijumaa, saa saba kasorobo, ndege ya Dubai. Hewani saa tano kasoro dakika kumi.
Ijumaa asubuhi, saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano ya Dubai, kushuka. Saa ya mkononi isogezwe mbele saa moja.
Ijumaa, saa nne asubuhi ya Maskati, kufika, baada ya saa moja na dakika tano hewani kutoka Dubai. Lamu itakuwa saa tatu.

Tukajumlisha: hewani saa 7 na dakika 10, safari nzima saa 23. Mjomba alikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya kofia yake, na Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi ya Lamu binti yake alipiga simu kuniambia kwamba maembe yamefika mazima.